Maua ya Msimu Yanayokawia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaotesha maua barazani kwenye nyumba ya kupanga hapa Walukuba, Jinja, nchini Uganda. Wapita njia wakiona petunia zimefunika ukuta, huuliza kwanza nimenunua wapi miche. Nikijibu kwamba nimesia mbegu mwenyewe, maswali mengine hufuata, na mengi yanafanana. Haya hapa, pamoja na majibu ninayowapa majirani.

Maua yanayokawia ni yapi, na kwa nini yanakawia?

Zinia au kosmosi ukizitupa ardhini mvua inapoanza, baada ya wiki 8 hivi unachuma maua. Hizo ni za haraka. Zinazokawia ni zile zinazotaka miezi mitatu au zaidi tangu kusia hadi ua la kwanza: petunia, lobelia, begonia ndogo za bustani, jerania, antirinamu (lile ua ambalo watoto hulibana mashavu likafungua mdomo) na lisiantasi, ambayo huzipita zote kwa kuchelewa.

Sababu unaiona ukimwaga mbegu kiganjani. Gramu moja ya petunia ina mbegu kama 10,000. Gramu moja ya begonia ina zaidi ya 50,000, na ukiziangalia unadhani ni vumbi la ugoro. Mbegu ya haragwe huja na chakula chake ndani, kwa hiyo inachomoza ikiwa na nguvu. Ya begonia haina karibu chochote. Ikishapasuka tu lazima ijitafutie riziki kwa mwanga, ikiwa na majani mawili madogo kuliko kichwa cha pini. Wiki 5 au 6 za mwanzo inajenga mizizi, na juu huoni kitu. Wengi hukata tamaa hapo wakadhani wamekosea, kumbe mche uko kazini.

Si bora kununua miche kwa wauzaji wa kando ya barabara?

Kama unataka mashina matatu ya kupamba mlango, nunua. Kama unataka mashina 60 ya rangi moja, au unataka lisiantasi na lobelia ambazo ni nadra kuzikuta kwenye vitalu, sia mwenyewe.

Pakiti inasema nisie ndani wiki 10 kabla ya sakitu (umande unaoganda kwa baridi) ya mwisho. Sasa Uganda sakitu itoke wapi?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Maelezo ya pakiti nyingi yameandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi kali, ambako mtu husia ndani ya nyumba huku nje kumeganda, akisubiri ardhi ipate joto. Sisi hatusubiri joto. Hapa Jinja usiku huwa kama nyuzi 17 na mchana 28, na mbegu nyingi za aina hii huota vizuri kati ya nyuzi 21 na 24. Kule watu hununua mikeka ya umeme ili wapate joto ambalo sisi tunalipata bure barazani.

Kwa hiyo sahau sakitu. Chukua siku unayotaka maua yawe yamefunguka, kisha hesabu wiki ukirudi nyuma. Tuseme dada yako ana kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) Desemba 15. Petunia nazipa wiki 14, kwa hiyo nasia Septemba 8. Begonia nazipa wiki 16, yaani Agosti 25. Lisiantasi inataka wiki 24, na hiyo inakurudisha hadi Juni 30, wakati hata bibi harusi hajapimwa gomesi, gauni lake la sherehe. Andika tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, si kichwani.

Halafu kuna mvua. Mvua kubwa za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba ni rafiki wa mizizi na adui wa ua la petunia. Tone kubwa likipiga, petali zinalowa na kujikunja kama karatasi ya msalani. Mimi hupanga miche ikulie barazani wakati wa mvua, niitoe nje mvua zikielekea kwisha, ichanue wakati wa ukavu. Ukisia Septemba, unapata maua ya Desemba na Januari. Ukisia Machi, unapata ya Juni na Julai.

Jambo moja zaidi ambalo pakiti haikwambii. Sisi tuko kwenye ikweta, na mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Petunia, lobelia na antirinamu hufanya haraka kutoa maua mahali penye mchana mrefu, wa saa 14 au zaidi. Kwetu zinachelewa kidogo, lakini petunia inatumia muda huo kutoa matawi mengi, na mche unatokea mnene. Nikisoma kwenye pakiti wiki 12, naongeza mbili. Hizo mbili zimeshaniokoa mara nyingi.

Naishi Kabale. Ndugu yangu yuko Gulu. Tusie mbegu zilezile?

Hapana. Wewe wa Kabale uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na hiyo ni nchi ya pansi, lobelia na antirinamu. Pansi nilizosia Jinja zilirefuka zikalegea na kutoa vijiua vidogo, kwa sababu zinataka ubaridi. Fort Portal na Kapchorwa nako zinakubali. Ndugu yako wa Gulu ashike vinka, ile ya asili ya Madagaska. Jua la kaskazini haliogopi, ila haitaki udongo uliotota. Akumbuke pia kwamba kule mvua ina msimu mmoja mrefu, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba au Novemba, kwa hiyo tarehe zangu za Jinja hazimfai.

Nitumie udongo gani?

Udongo mweusi wa chini ya migomba ni mzuri kwa mche uliokomaa. Kwa mbegu kama vumbi, peke yake ni mzito na umejaa vimelea. Udongo wetu mwekundu ni mbaya zaidi: ukilowa unashikana, ukikauka unatengeneza gamba ambalo mche wa lobelia hauwezi kulitoboa.

Mimi nachanganya sehemu moja ya udongo wa migombani, sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa hadi haina harufu, na sehemu moja ya mchanga uliooshwa. Vyote nachekecha kwa chekeche la unga ambalo nimelistaafisha jikoni. Ukipata kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) kwenye maduka ya pembejeo (Kampala watu huzitafuta Container Village), weka badala ya udongo wa migombani na kazi itakuwa nyepesi.

Baada ya hapo, upike. Usicheke, udongo unapikwa. Loweka mchanganyiko uwe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa, tia kwenye sufuria kuukuu yenye mfuniko, weka kwenye sigiri (jiko la makaa) yenye moto wa wastani, nje ya nyumba kwa sababu harufu yake si ya kupendeza. Fukia kiazi mviringo kidogo katikati. Moto ukishafika ndani, uache kama nusu saa. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Usile kiazi hicho. Acha upoe ukiwa umefunikwa hadi kesho yake. Kwa njia hiyo unaua mbegu za magugu, mayai ya wadudu na sehemu kubwa ya ukungu unaoleta kinyausi, ambacho nitakieleza mbele.

Majivu usitie. Najua wazee wetu hutia majivu kila mahali, na kwa sukuma wiki wana sababu zao. Petunia inapenda udongo wenye tindikali kidogo. Majivu yakizidi, mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma, na utaona majani machanga yamegeuka njano huku mishipa imebaki kijani.

Chombo je? Trei za duka ni lazima?

Si lazima. Chombo changu ninachokipenda ni jerikani ya mafuta ya kupikia ya lita 5. Ioshe kwa sabuni hadi mafuta yaishe, kisha ikate katikati. Nusu ya chini toboa matundu kama 10 kwa msumari uliochomwa motoni, jaza udongo kina cha vidole vitatu. Nusu ya juu ndiyo mfuniko. Kizibo nacho kina kazi: ukikifunga unyevu unabaki ndani, ukikifungua hewa inapita. Jerikani iwe ile inayopitisha mwanga. Ya njano nzito haifai.

Nafunikaje mbegu ndogo hivyo kwa udongo?

Nyingi hazifunikwi. Petunia, begonia, lobelia, impatiensi, antirinamu na lisiantasi huota vizuri zikiona mwanga. Lowesha udongo kwanza, usawazishe, kisha changanya mbegu na kijiko cha mchanga mkavu laini ili uone zinapoangukia. Kunja karatasi katikati, mimina humo, gongagonga kwa kidole ukitembeza mkono. Mwishowe zikandamize kidogo kwa kiganja ili zigusane na udongo. Basi.

Pansi, vinka na verbena ndizo zinazotaka giza. Hizo zifunike kwa udongo mwembamba na uweke gazeti juu ya chombo. Kila asubuhi funua uangalie. Siku ukiona kichwa cha kwanza, gazeti liondoke siku hiyohiyo.

Wiki mbili zimepita, sioni kitu. Nizimwage?

Usimwage. Petunia hutoka siku ya 7 hadi 14, lakini begonia na lobelia huweza kufika siku 21. Lete kioo cha kukuzia au picha ya simu uivute karibu, kwa sababu mara nyingi zimeshatoka na macho hayajazizoea. Zikipita siku 30 bila dalili, hapo mbegu zilikuwa zimekufa.

Na mbegu hufa dukani, hilo nalijua kwa uchungu. Niliwahi kununua pakiti tatu kwenye duka moja zikiwa zimepangwa dirishani, jua la mchana likiziwakia. Hakuna hata moja iliyoota, na nilipogeuza pakiti, tarehe ilikuwa imepita miaka miwili. Tangu siku hiyo nageuza pakiti kabla sijatoa pesa. Zilizobaki nyumbani naziweka kwenye chupa yenye kizibo kizuri pamoja na mchele mkavu, mahali penye baridi. Begonia na impatiensi usizilaze muda mrefu, zisie mwaka huohuo.

Miche ilikuwa imesimama jana, leo imelala chini kama imekatwa. Nani kaikata?

Hicho ndicho kinyausi. Ukungu wa aina ya Pythium na Rhizoctonia hushambulia shina pale linapogusana na udongo. Ukitazama kwa karibu, utaona shina limebanwa likawa jembamba kama uzi, lina rangi ya maji ya chai, na juu yake majani bado ni kijani. Ulioanguka hauinuki. Toa miche iliyolala pamoja na udongo uliouzunguka, ondoa mfuniko kabisa, na usitie maji hadi udongo wa juu uanze kubadilika rangi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza lisiantasi zote kwa siku mbili, na zilikuwa zimefikisha wiki 5. Nilikuwa nimezifunika vizuri, nikizinyunyizia maji asubuhi na jioni kwa upendo mtupu. Mama mkwe alipokuja kunitembelea aligusa udongo kwa kidole, akaniambia, "Mwanangu, hawa watoto umewazamisha." Sikumwelewa mara moja, lakini alikuwa amesema kweli. Maji ya juu kila siku, hewa isiyosogea na miche iliyobanana, vitatu hivyo vikikutana, kinyausi kipo.

Ninavyofanya sasa: chombo nakiweka kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, nakiacha dakika 15 hivi hadi udongo wa juu ubadilike rangi, kisha nakitoa kijichuje. Narudia pale tu ninapokiinua na kukiona chepesi. Mbegu zikiota karibu nusu, nafungua kizibo. Siku mbili baadaye naondoa mfuniko wote. Na nasia chache. Mbegu 40 zenye nafasi zitakupa mashina mengi kuliko 200 zilizobanana.

Miche imerefuka, myembamba, imeinamia upande mmoja.

Ina njaa ya mwanga. Isogeze, lakini si kwenye jua la saa sita. Jua letu la utosini huikausha miche midogo kwa saa moja. Baraza linalotazama mashariki ndilo zuri: jua la asubuhi hadi kama saa nne, kisha kivuli chenye mwanga. Kama paa la baraza ni bati lisilo na dari, ukisimama hapo saa nane utausikia moto kichwani, na miche inausikia pia. Shusha vyombo karibu na sakafu saa hizo.

Sisimizi wanabeba mbegu zangu.

Weka meza ndogo, kila mguu ndani ya kopo lenye maji na tone la mafuta. Kuku nao huwazuii kwa kopo, hao wanataka wavu.

Nitahamisha miche lini, na kwa namna gani?

Subiri majani halisi mawili, yale yanayotokea baada ya majani ya mbegu na kufanana na ya mmea mkubwa. Kwa petunia ni kama wiki ya 4, kwa begonia hata ya 7. Lowesha udongo, ingiza kijiti cha mchomo (cha kuchomea nyama) chini ya mche, uinue na udongo wake. Shika jani, kamwe usishike shina. Jani likiumia litaota lingine, shina likiumia mche umekwisha. Kila mche uweke kwenye kikombe chake chenye tundu, jioni, kivulini kwa siku tatu.

Ukifikia majani sita, petunia na antirinamu zikate ncha kwa kucha. Inauma, najua, umelea miezi miwili halafu unakata. Lakini usipokata utapata fimbo moja yenye ua juu. Ukikata utapata kichaka. Jerania na begonia hazihitaji, na lisiantasi ya kuchuma kwa mashina marefu iache hivyohivyo.

Kabla ya kupanda nje, izoeshe kwa siku 7 hadi 10: saa moja ya jua siku ya kwanza, mbili siku ya pili, na kuendelea.

Mbolea nianze lini?

Baada ya kuhamisha, si kabla. Mbolea ya kuyeyusha majini, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki. Samadi mbichi usiikaribishe.

Lisiantasi yangu ina miezi mitatu na imekaa chini kama kabichi ndogo. Haipandi juu.

Ilipata joto kali ikiwa changa. Lisiantasi asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Wiki zake za mwanzo ikikaa kwenye joto la nyuzi 28 na kuendelea, hujikunja ikatoa duara la majani na kugoma kutoa shina. Nyingine huamka zikikaa kwenye ubaridi kwa wiki kadhaa, nyingi haziamki. Kinga ni kuisia miezi ya ubaridi, ndiyo maana Juni na Julai zinafaa, na kuiweka mahali papoa kuliko pote nyumbani. Mimi naiweka sakafuni nyuma ya mtungi wa maji, ambako mwanga wa dirisha unafika. Usiihamishe ikiwa imechelewa, mzizi wake mkuu haupendi kuguswa. Ikikubali, ua lake hukaa kwenye chupa ya maji wiki mbili, na wageni hudhani ni waridi.

Shemeji yangu yuko Uingereza. Anitumie mbegu kwenye bahasha?

Asitume kimya kimya. Kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Sheria hiyo inalinda migomba na kahawa yetu dhidi ya magonjwa ya nje, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

Naweza kuvuna mbegu kwenye maua yangu?

Unaweza, ila kama pakiti iliandikwa F1 (chotara wa kizazi cha kwanza), watoto hawatafanana na mama. Petunia zangu nyekundu zilinipa kizazi cha waridi, zambarau na nyeupe. Kwa ukuta wa nyumbani sijali, nazipenda. Kwa sherehe yenye rangi iliyopangwa, nunua mbegu mpya.

Niliambiwa begonia ni ya msimu mmoja. Yangu imefika mwaka wa pili na bado inachanua. Kuna kosa?

Hakuna. Begonia hizi asili yake ni Brazili, na kwao ni mimea inayoishi miaka. Petunia, jerania na impatiensi ni vilevile. Hiyo impatiensi hata ni ya kwetu, inaota yenyewe kwenye misitu ya Afrika Mashariki. Zinaitwa za msimu mmoja huko ambako baridi huziua kila mwaka. Hapa hakuna wa kuziua isipokuwa ukame, konokono na mbuzi wa jirani. Ikishachoka na kurefuka mashina, ikate ibaki kimo cha kiganja mwanzoni mwa mvua, uipe mboji kiganja kimoja, na baada ya wiki 6 hivi itakuwa imerudi. Vipande ulivyokata chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Vingi vitatoa mizizi, na hivyo havitakusubirisha wiki 16.